MWANGA UKIPUNGUA: TUPIME KABLA YA KUSEMA



Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo, wanafunzi wapendwa na wazazi waheshimiwa, nimeombwa niandike katika jarida letu jambo ninaloona lina faida. Nimechagua kuandika juu ya mwanga unaopungua, kwa sababu mwanga uliopungua usiku mmoja hapa Maretadu umeniletea kesi ambayo mpaka leo haijaisha.

Usiku wenyewe ulikuwa wa Jumapili, tarehe 7 Septemba 2025, katikati ya Mfunguo Sita 1447, siku chache baada ya Maulidi. Wengi wenu mnakumbuka. Mwezi ulichomoza mpevu upande wa mashariki, na ilipofika saa 1:27 ukaanza kumegwa. Tuliswali Isha, kisha tukaswali swala ya kupatwa kwa mwezi. Saa 2:30 ulikuwa umefunikwa wote, na ukabaki hivyo hadi saa 3:52. Baridi ilikuwa kali kama mnavyoijua baridi ya Mbulu, watoto wamejifunika mashuka na mablanketi, lakini hakuna aliyetaka kwenda kulala. Niliwapa wanafunzi wakubwa kazi moja: kila baada ya dakika kumi waandike kwenye daftari saa, rangi ya mwezi, na kama mwanga wake umezidi au umepungua.

Baada ya siku mbili mzazi mmoja alinijia. Ni mzee wangu ninayemheshimu sana. Alinisalimia vizuri, akakaa kwenye benchi, kisha akasema: "Ustadhi, mwanangu amerudi nyumbani na daftari limejaa saa na rangi za mwezi. Anasema hiyo ni kazi uliyompa wewe. Mimi nilimleta hapa ajifunze dini, sikumleta ajifunze falaki. Kama mambo ni hayo, asipoonekana usinitafute."

Nilimjibu kwa adabu, lakini nikiri kwamba siku ile sikumjibu vizuri. Nilikuwa na maneno mengi yasiyo na mpangilio. Makala hii ndiyo jibu langu, kwake na kwa kila mzazi mwenye shaka kama yake.

FALAKI NA RAMLI SI KITU KIMOJA

Kwanza nimpe mzee wangu haki yake. Hofu yake haikutoka hewani. Kwa Kiswahili chetu, mtu akisema fulani "anapiga falaki", wengi wanaelewa kwamba anatazamia, yaani anaangalia nyota ya mtu amwambie kama ataoa, ataibiwa au atapata safari. Neno "unajimu" nalo limebeba mizigo miwili: kazi ya mtabiri na kazi ya mtaalamu wa anga. Neno likiwa moja kwa watu wawili, si ajabu mwema akabeba lawama za mwovu.

Lakini wanavyuoni wetu wa zamani walizitenganisha kazi hizi mbili. Ibn al-Shatir, aliyefariki mwaka 1375, alikuwa mtunza nyakati wa Msikiti wa Umayya mjini Damascus. Kazi yake ilikuwa kupima anga ili watu waswali kwa wakati. Kabla yake, Abdurrahman al-Sufi aliandika mnamo mwaka 964 kitabu cha nyota ambamo alizipitia nyota moja moja na kueleza ukubwa wa mwanga wa kila moja, akisahihisha pale alipoona Wagiriki wamekosea. Hakuwa na darubini. Alikuwa na macho, subira na kalamu. Kazi niliyowapa wanafunzi usiku ule ilikuwa ni ya namna hiyo.

Zaidi ya yote, tunaye Mtume wetu (S.A.W.). Siku alipofiwa na mwanawe Ibrahim jua lilipatwa, na watu wakaanza kusema limepatwa kwa sababu ya msiba ule. Maneno hayo yangeweza kumpandishia heshima mbele ya watu, lakini hakuyakubali. Aliwafundisha kwamba jua na mwezi ni ishara miongoni mwa ishara za Allah na havipatwi kwa kufa wala kwa kuzaliwa kwa mtu, na akawaamuru waswali. Mtabiri huyaacha maneno ya aina ile yaenee kwa sababu yanamletea wateja.

Tofauti basi ni hii. Mpiga ramli husema bila kupima. Mtaalamu wa anga hupima, halafu husema kadiri kipimo kilivyomruhusu. Sasa tuone kipimo chenyewe kinatufikisha wapi.

MWEZI ULITUONYESHA HEWA YETU

Mwezi unapopatwa, dunia inakuwa katikati ya jua na mwezi, na kivuli chake kinaufunika mwezi. Kwa hesabu ya haraka, mwezi ungekuwa mweusi tii. Mbona basi ulikuwa mwekundu kama kaa la moto?

Jibu ni hewa. Dunia imevikwa tabaka la hewa, na mwanga wa jua unaopita pembezoni mwa dunia hupenya katika tabaka hilo, ukapinda kidogo na kuingia ndani ya kivuli. Njiani rangi ya buluu hutawanywa na nyekundu ndiyo inayofika. Ni rangi ileile mnayoiona jua linapotua wakati wa kiangazi, vumbi likiwa jingi. Wekundu mliouona juu ya mwezi ulikuwa ni mwanga wa machweo na mapambazuko ya dunia nzima, umekusanyika mahali pamoja.

Tazameni faida yake. Mwezi Juni mwaka 1991 mlima wa volkano uitwao Pinatubo, huko Ufilipino, ulilipuka na kurusha gesi za salfa juu sana angani. Mwezi ulipopatwa Desemba 1992, ulififia mno kuliko kawaida ya kupatwa kwake. Mwezi wenyewe haukuwa na kasoro yoyote. Hewa ya dunia ndiyo iliyochafuka, na aliyepima mwanga wa mwezi akaipima hewa yetu bila kupanda juu hata hatua moja.

Hiyo ndiyo kanuni, nayo ni nyepesi. Mwanga unapopita katika hewa, hewa huuwekea alama. Anayejua kuzisoma alama hizo huijua hewa asiyoweza kuigusa.

ZUHURA NA UTARIDI

Tuende mbele kidogo. Zuhura, ile nyota ing'aayo kuliko nyota zote, mnayoiona wakati mwingine baada ya Maghrib na wakati mwingine kabla ya Alfajiri, si nyota bali ni sayari. Inang'aa vile kwa sababu imefunikwa na mawingu mazito yanayorudisha karibu robo tatu ya mwanga wa jua unaoifikia. Mwezi wetu, pamoja na uzuri wake wote, hurudisha kama asilimia 12 tu. Ila mawingu ya Zuhura si ya mvua. Ni ya tindikali ya salfa, na chini yake joto hufika nyuzi 460 hivi za sentigredi.

Utaridi iko karibu zaidi na jua kuliko Zuhura. Mtu angedhani ndiyo yenye joto zaidi, lakini sivyo. Mchana wake hufika nyuzi 430 hivi, na usiku wake hushuka hadi nyuzi 180 chini ya sifuri. Sababu ni kwamba Utaridi haina hewa ya maana ya kulitunza joto. Jambo hili sisi watu wa nyanda za juu hatuhitaji kufundishwa. Usiku wa mawingu tunalala vizuri. Usiku wa Juni au Julai mbingu ikiwa nyeupe bila wingu, asubuhi hata kuku hawataki kutoka bandani. Mawingu na hewa ni blanketi. Ukipima tofauti ya joto kati ya mchana na usiku wa sayari, umelijua blanketi lake.

Likumbukeni blanketi hili, tutalihitaji tena.

NYOTA MPINGO NA SAYARI TANZANITE

Sasa naingia katika jambo ambalo wengi wenu, nadhani, hamjalisikia. Kuna nyota inaitwa Mpingo, na kuna sayari inayoizunguka inaitwa Tanzanite. Majina haya ni rasmi.

Mwaka 2019 Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia ulitimiza miaka 100, ukazipa nchi zaidi ya 100 kila moja nyota yake na sayari yake ili wananchi wazipe majina. Tanzania ilipewa nyota iliyokuwa ikiitwa WASP-71. Nyota ikaitwa Mpingo, mti wetu wa kuchongea vinyago, na sayari ikaitwa Tanzanite, jiwe linalochimbwa Mererani wilayani Simanjiro, ndani ya mkoa wetu huu wa Manyara. Wanafunzi, jina lililotoka ndani ya ardhi ya mkoa wenu liko mbinguni, umbali wa zaidi ya miaka 1,000 ya mwanga. Na mwaka mmoja tu wa mwanga ni kilometa trilioni 9.5 hivi.

Mpingo haionekani kwa macho matupu. Lakini mahali pake mnaweza kupaonyesha kwa kidole. Desemba, baada ya Isha, iko karibu na utosi, katika kundi la nyota la Nyangumi, lile ambalo al-Sufi na Waarabu wenzake waliliita Qaytus.

Sayari hiyo iligunduliwaje? Hakuna aliyeiona. Mradi uitwao WASP uliweka mitambo miwili, mmoja katika kisiwa cha La Palma na mwingine Sutherland, Afrika Kusini. Kila mtambo ulikuwa na kamera nane zenye lenzi za aina wanazotumia wapiga picha wa magazeti viwanjani. Kamera zile zilipima mwanga wa maelfu ya nyota, usiku baada ya usiku. Mwanga wa nyota hii ukaonekana kupungua kidogo sana, chini ya nusu ya asilimia moja, kisha ukarudi. Baada ya siku 2.9 ukapungua tena, kisha tena, kwa mpango uleule. Kuna kitu kilikuwa kikipita mbele yake. Baada ya vipimo vingine ikathibitika kwamba ni sayari yenye uzito unaozidi mara mbili ule wa Mushtari, na ugunduzi huo ukachapishwa mwaka 2013. Mwaka wake mzima ni chini ya siku tatu zetu.

Darasani tulilifanya jambo hili kwa vifaa vya kijijini. Tulichukua paneli ndogo ya sola na mita ya fundi umeme, tukaimulika kwa tochi, kisha tukapitisha punje ya hindi mbele ya tochi. Namba kwenye mita ikashuka kidogo, punje ilipopita ikarudi. Halafu tukaizungushia punje pindo la karatasi ya pipi ya buluu inayopitisha mwanga. Tukaifunika tochi kwa karatasi nyekundu, kisha kwa ya buluu. Kwa mwanga mwekundu kivuli kikawa kikubwa, kwa sababu karatasi ya buluu iliuzuia. Kwa mwanga wa buluu kivuli kikapungua. Punje ni ileile, lakini ukubwa wake umebadilika kwa rangi.

Lile pindo la karatasi ndiyo hewa ya sayari. Wataalamu hupima mwanga wa nyota kwa rangi nyingi sayari inapopita mbele yake, wakaona ni rangi zipi zimezuiwa zaidi, wakajua ndani ya hewa ile kuna nini. Kwa njia hiyo, mwaka 2001 darubini ya Hubble iligundua sodiamu katika hewa ya sayari HD 209458b. Ilikuwa mara ya kwanza kwa hewa ya sayari ya nyota nyingine kupimwa. Mwaka 2022 darubini ya James Webb iliona hewa ya ukaa katika sayari WASP-39b, ambayo nayo ilikuwa imegunduliwa na mradi uleule uliotupatia Tanzanite.

UPEPO ULIOPIMWA KWA MWANGA

Njia nyingine ni kuutazama mwanga katika safari nzima ya sayari. Mnajua mwezi wetu huwa hilali, ukawa nusu, ukawa mpevu, kwa kadiri tunavyouona upande wake wenye mwanga. Sayari ya mbali nayo ni hivyo. Ikiwa mbele ya nyota yake inatuonyesha upande wa usiku, ikielekea nyuma inatuonyesha upande wa mchana, na ikijificha kabisa nyuma ya nyota, mwanga wake wenyewe unakatika. Ukiipima safari hiyo yote, utajua mchana wake una joto gani na usiku wake una joto gani. Hapa ndipo linaporudi lile blanketi.

Mwaka 2007 mtaalamu aitwaye Heather Knutson na wenzake walitangaza vipimo vya sayari HD 189733b. Waliipima kwa saa 33 wakitumia darubini ya Spitzer, iliyokuwa angani. Usiku wa sayari ile ulikuwa na joto la nyuzi 700 hivi, na mchana nyuzi 930 hivi. Usiku na mchana havikupishana sana, kwa hiyo kuna hewa inayolihamisha joto kutoka upande mmoja hadi mwingine. Tena sehemu yenye joto kali zaidi haikuwa pale jua lake linapopiga wima. Ilikuwa imesogea upande wa mashariki. Upepo mkali ulikuwa umelisukuma joto. Fikirini, ndugu zangu: upepo wa ulimwengu ulio umbali wa zaidi ya miaka 60 ya mwanga umejulikana kwa kupanda na kushuka kwa mwanga tu.

Mwaka 2019 Laura Kreidberg na wenzake walitoa vipimo vya sayari LHS 3844b, walivyokusanya kwa saa 100. Mchana wake ulikuwa na joto la nyuzi 770 hivi, lakini upande wa usiku haukutoa mwanga wa kupimika. Blanketi halipo. Wakahitimisha kwamba ni mwamba mtupu usio na hewa nzito, kama Utaridi yetu. Kutokuona kitu nako ni matokeo, kama umepima kwa uaminifu.

KOSA LANGU

Sasa nitoe ushahidi dhidi ya nafsi yangu, maana mwalimu asiyekiri kosa huwafundisha wanafunzi kuficha makosa yao.

Aprili 2025 ilitangazwa habari ya sayari K2-18b, iliyo umbali wa miaka 124 ya mwanga. Kikundi cha watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge kikiongozwa na Nikku Madhusudhan kilisema kimeona katika mwanga uliopita kwenye hewa yake dalili za gesi ambayo hapa duniani hutokana na viumbe hai, hasa viumbe vidogo vya baharini. Nilisikia habari hiyo redioni. Jioni ile katika darsa nikawaambia wanafunzi kwamba viumbe vimepatikana katika sayari nyingine, na nikaambatanisha aya ya Qur'an. Wanafunzi wakapiga takbira. Nilirudi nyumbani nimefurahi.

Ukweli ni kwamba watafiti wale wenyewe walikuwa wamesema kipimo chao hakijafikia kiwango cha kuthibitisha. Hilo mimi sikulisema, kwa sababu sikulisoma. Na wiki chache baadaye wataalamu wengine walizipitia takwimu zilezile wakaona kwamba hazitoshi kusema gesi ile ipo. Kijana mmoja akaniuliza mbele ya wenzake: "Ustadhi, sasa ile aya uliyotusomea, nayo imekosea?"

Swali lile lilinikata maini. Aya haikukosea. Aliyekosea ni mimi, niliyeifunga aya na habari ya redio kwa kamba moja, ili habari ikianguka, ndani ya moyo wa mtoto aya nayo iyumbe. Tangu miaka mingi tumezoea katika vitabu vyetu, kanda na mihadhara kukimbilia kila ugunduzi na kusema: "Hili limo ndani ya Qur'an." Nia ni njema. Lakini sayansi ya leo husahihishwa kesho, na hiyo si aibu yake bali ndiyo kazi yake. Qur'an haikuteremshwa ingoje uthibitisho wa darubini. Ina sura zenye majina ya nyota, mwezi na jua, na imetuhimiza tutazame na tutafakari. Kutazama ndiko tulikokuacha, tukabaki na kushangilia yaliyotazamwa na wengine.

Ndiyo maana ulipofika usiku ule wa Septemba sikutoa mawaidha marefu. Nilitoa daftari.

JINA NI LETU, ELIMU IWE YETU

Kuna jambo lingine linaloniuma. Jiwe la Tanzanite lilianza kujulikana mwaka 1967 hapo Mererani, lakini jina lake lilitolewa mwaka 1968 na kampuni ya vito ya Tiffany ya New York. Jiwe lilikuwa letu, jina wakatoa wao. Mwaka 2019 mambo yakageuka: sayari waligundua wao, jina tukatoa sisi. Mara zote mbili kuna kitu kilichotupita. Tulipokuwa na jiwe hatukuwa na elimu ya kulikata wala kulitangaza. Tumepewa sayari, na mtoto wa Manyara hajui kwamba ipo.

Wako waliojitahidi. Dkt. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania amewaeleza Watanzania habari za anga kwa miaka mingi. Jua lilipopatwa kipete tarehe 1 Septemba 2016, watu wengi walikusanyika Rujewa, mkoani Mbeya, kulitazama. Hamu ipo. Tena wazee wetu walikuwa na elimu yao ya kutazama. Waswahili walisema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Hayo si maneno ya mtabiri. Ni maneno ya watu waliotazama miaka mingi, wakalima kwa walichokiona. Na sisi wa Maretadu tuna neema ambayo watu wa Dar es Salaam na Arusha hawana: usiku wetu ni wa giza, na nyota zinaonekana hadi zile ndogo.

TUFANYE NINI?

Kwanza, madrasa yetu iwe na daftari la anga. Kila siku baada ya Maghrib mwanafunzi wa zamu aandike tarehe ya Hijria na ya Miladi, hali ya mawingu, mwezi kama umeonekana, na Zuhura au Mushtari ikilinganishwa na nyota zilizo jirani: imezidi, imelingana au imepungua. Aandike jina lake chini. Asipoona kitu, aandike "sikuona". Mtoto aliyezoea kuandika "sikuona" wakati hakuona, siku ya kutafuta mwezi mwandamo ushahidi wake utakuwa mzito. Siku akiwa karani, hakimu au daktari, tutaishi kwa usalama zaidi.

Pili, wazazi msiwaache watoto wakimbie hisabati na fizikia kwa kisingizio kwamba wanasoma dini. Saa za swala, kibla, zaka na mirathi, vyote vina hesabu ndani yake. Na wasichana msiwasahau. Knutson na Kreidberg niliowataja hapo juu wote ni wanawake.

Tatu, sisi walimu tujizuie. Habari mpya ikija tuulize: nani amepima, amepima nini, na yeye mwenyewe amesema nini juu ya udhaifu wa kipimo chake? Tukishajua hayo, ndipo tupande kwenye mimbari.

Nne, tujiandae mapema. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa. Katika mji mtukufu wa Makka litafunikwa lote, na huku kwetu litamegwa sehemu tu. Msilitazame jua kwa macho matupu hata kidogo, ni hatari kwa macho yenu. Toboeni tundu dogo kwenye boksi, na umbo la jua litaonekana chini likiwa limemegwa. Ile paneli yetu ya sola nayo itakuwepo na mita yake. Tutaswali, na tutapima.

Nimalizie na kesi yangu. Yule kijana anakuja madrasa, Alhamdulillah, lakini baba yake hajamruhusu kuendelea na daftari. Ameniambia atasoma kwanza nitakachoandika katika jarida. Basi mzee wangu, niliyonayo ni hayo. Katika daftari la mwanao hakuna bahati ya mtu wala siku ya kufa ya mtu. Kuna saa, rangi, na mahali pamoja ambapo wingu lilipita naye akaandika: "sikuona". Nimewasahihishia wanafunzi wote kazi ile, na mstari huo ndio nilioupa alama ya juu kabisa.

Allah (S.W.) atujaalie elimu yenye manufaa na ndimi zisizotangulia mbele ya macho. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.